Mchungwa wa Laeken Uliokawia Kuzaa

Kumbukumbu ya Papa Modeste Banza
Likasi 1948 – Brussels 2013

Mwaka umetimia, Papa, tangu uvue viatu vyako vya bustani pale mlangoni, ukasema unakwenda kujinyoosha kidogo kabla ya chakula, na usiamke tena. Viatu bado vipo. Dominic alivisogeza mara moja alipokuwa akipiga deki, Maman akavirudisha mahali pake kabla sakafu haijakauka. Udongo wa bustani yako ya Laeken umeganda kwenye soli, na hakuna kati yetu mwenye ubavu wa kuupangusa.

Tumekaa sisi wanao, Graciella na Dominic, tukuandikie mbele ya watu, ili waliokujua wacheke nasi na wasiokujua wajue walichokosa. Maman Antoinette amekataa kushika kalamu. Anasema mambo yake na wewe alishayamaliza kulekule bustanini. Lakini amevuta kiti karibu, anasikiliza kila sentensi, na tukikosea anatukatiza.

Ulikuwa msukuma vitanda katika hospitali kubwa ya Jette, hapa Brussels, na kazi hiyo uliifanya kama mtu anayesindikiza wageni. Humfikishi mgonjwa kwenye lifti kabla hujajua kwao ni wapi na wanapanda nini. Ndivyo ulivyompata yule mzee Mflamani aliyekuwa na mti wa ajabu nyumbani kwake, mchungwa uliolala nje kwenye theluji na kuamka mzima. Krismasi ya mwaka 2001 mkewe alikuletea tunda moja ndani ya leso. Ulilionja, ukakunja uso, halafu ukazitoa mbegu zote na kuziosha kwenye sinki la wauguzi.

Mbegu hizo ulizisia kwenye vikopo vya mtindi, dirishani jikoni, na tangu siku hiyo dirisha lile halikufunguliwa hadi majira ya joto. Kila mgeni aliyekuja kunywa chai alipelekwa kwanza akavisalimie vikopo.

“Mama yake ni muti ya miiba, ya majani tatu-tatu, theluji haimufanyi kitu,” uliwaeleza. “Papa yake ni muchungwa ya sukari, ya inchi ya jua. Alors mutoto anatoka mu katikati. Anavumilia baridi, lakini jua haisahau.” Kisha ulitugeukia sisi tuliokulia hapa, ukatufananisha na mche huo: “Sawa batoto bangu.”

Mche uliokua vizuri kuliko yote uliuhamishia Laeken, kwenye kile kiwanja kidogo cha bustani ulichopewa, ukauegemeza kwenye ukuta wa matofali unaotazama jua la mchana. Jirani yako wa kiwanja alikuwa Mzee Hamadi, mtu wa Tanga mwenye duka la mchele na viungo kule Molenbeek. Mlianza kwa kubishana. Wewe ulisema amepanda lenga-lenga, yeye akasema ni mchicha, na mboga ikala mvua bila kujali. Kiswahili chake ulikiita cha redio. Chako yeye alikiita cha kukaangwa. Baada ya mwezi mmoja mlikuwa mnakunywa chai kutoka chupa moja.

Siku ya kuupanda mti ule, mwaka 2004, ulialika watu kama vile ni ubatizo. Maman alikuwa amenuna. Alishachoka na Ulaya, alitaka nyumba ya mama yake kule Likasi, alitaka kuamka asikie sauti za watu anaowajua. Kaka yake, Tonton Kabeya, alikuwapo, na mbele yake ndipo ulipoinua glasi ukatamka.

“Antoinette, ile siku hii muti itazala, tutarudia ku Likasi. Kabeya, umesikia?”

“Nimesikia,” akajibu Tonton.

Kwetu hilo si jambo dogo. Ahadi ni deni popote, lakini ahadi unayompa mkeo mbele ya kaka yake ina mashahidi hata usingizini. Maman alicheka siku ile. Alikuwa akikujua: katika ndoa yenu yote hukuwahi kumwambia neno halafu usilitimize, hata likiwa la kununua kitunguu.

Basi akaanza kungoja. Miaka ya kwanza aliuzungumzia mti kwa upole. Ilipopita mitatu, minne, akaanza kuuita “ule muti yako”.

Mwaka 2008 figo zake zikachoka. Tangu hapo maisha yetu yakafuata mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa juma, kulekule Jette ulikofanya kazi. Ulibadilishana zamu na watu wote wa hospitali ile ili uwe wewe wa kumpokea akitoka. Hukulalamika. Ulipika bila chumvi ukala bila chumvi pamoja naye, na sisi pia tukala, tukidai ni tamu. Haikuwa tamu, Papa. Sasa tunaweza kusema.

Majira ya baridi yaliyofuata yalikuwa makali. Sisi tulidhani mti utakufa, wewe hukuogopa. Ulituambia baridi yenyewe si adui mkubwa. Adui ni maji yanayotuama mizizini, na lile jua la Februari linaloudanganya mti uamke kabla ya wakati. Ulirundika majani makavu kwenye shina, ukaufunika kwa kitambaa cheupe, na kila mchana ulipopata nafasi ulikwenda kuufunua upumue. Usiku mmoja kitambaa kilichukuliwa na upepo. Kesho yake Maman alirudi kutoka kwenye mashine, akafungua kabati.

“Modeste, kikwembe yangu iko wapi?”

“Kikwembe gani?”

“Ile ya bleu, ya ndeke. Nilivaa ku première communion ya Graciella.”

“Bon… Antoinette, lelo ni moins douze.”

“Mi nakuuliza kikwembe, weye unanijibu baridi?”

Ulimtazama kwa yale macho yako ya mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni. “Muti nayo inasikia baridi,” ukasema. Mti wetu, Papa, ulipita majira yale ya baridi umevaa kitenge kizuri kuliko wanawake wote wa Laeken. Mzee Hamadi alikuwa akiusalimia kila asubuhi: “Shikamoo bi mkubwa.”

Kuanzia majira ya machipuko yaliyofuata baridi ile kukaingia jambo jingine nyumbani. Koti lako la kazi lilianza kunukia. Harufu ya maua, tamu, ya kuingia hadi kichwani, ikitoka kwenye mfuko wa kifuani. Ilikuja mwezi wa Mei ikapotea Juni, na mwaka uliofuata ikarudi. Maman si mtu wa kunyamazia kitu kama hicho.

“Ni parfum ya nani hii?”

“Ni sabuni, savon ya hôpital.”

“Savon ya hôpital naijua. Niko kule mara trois ku semaine. Inanuka chlore.”

“Alors labda ni weye njo unanukia,” ukamjibu, na ukaenda kuweka maji ya chai.

Alipekua mfuko akakuta vipande viwili vitatu vyeupe, laini, vimenyauka. Alidhani ni vya mashada ya wagonjwa. Hata hivyo alituuliza sisi, kwa siri, kama kuna nesi yeyote aliyezoeana na Papa kupita kiasi. Tulicheka mpaka akatufukuza jikoni.

Halafu likaja lile lisilochekesha. Agosti 2010 bibi alifariki kule Likasi. Maman alitaka kwenda kumzika mama yake, na alilitaka hilo kwa nguvu zake zote zilizobaki. Madaktari walimweleza, wewe ukamweleza, kwamba kule anakotaka kwenda hakuna mashine ile, na bila mashine hatamaliza juma la pili. Hakusikia. Huzuni ina masikio yake. Alikukumbusha ahadi, akataka kujua kama utampeleka au utabaki na mti wako.

“Muti haiyazala, Antoinette,” ulimwambia taratibu.

“Ule muti ni tasa. Na weye uliupanda sababu unajua haitazala.”

Uliendelea kula. Sisi tulikuona dhaifu siku ile, tukakuonea hasira, kwa sababu tulitaka useme kitu kikubwa cha kumfariji. Tangu usiku huo Maman hakukanyaga bustani. Akipita na tramu karibu na Laeken aligeuza uso upande mwingine. Aliuchukia mti ule kama mke mwenza, na alisema hivyo waziwazi mbele ya wageni, nawe ulikuwa ukitikisa kichwa kana kwamba unakubaliana naye.

Oktoba 2012 simu ikalia: figo imepatikana. Hukuwa zamu siku ile, lakini ulivaa koti lako la kazi ukamsukuma mwenyewe mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, ukimpigia soga njia nzima kama mgonjwa usiyemjua, unamuuliza kwao ni wapi na wanapanda nini. Akakujibu kwamba kwao wanapanda waongo. Mlango ulipofungwa ulikaa sakafuni ukalia. Hatukuwahi kukuona ukilia kabla ya hapo.

Figo ilishika. Maman alinenepa, akaanza tena kugombana na majirani, nyumba ikawa nyumba. Machipuko ya mwaka 2013 yalichelewa, theluji ikaanguka hadi Machi, na wewe ulikuwa ukienda Laeken kila siku kuutazama mti. Mwezi wa Mei ukavua viatu pale mlangoni. Tulikuzika Jette, kwenye udongo uliokuwa bado baridi.

Juni, siku za kilio zikiwa zimepita, Mzee Hamadi alifika nyumbani na mfuko wa mchicha. Alisema kiwanja chako kinahitaji mwenyewe, na akamwomba Maman aje akione. Maman hakutaka. Mzee akamwambia, “Shemeji, si kwa ajili ya mti. Ni kwa ajili yangu, nimechoka kunywa chai peke yangu.” Kwa hilo hakuweza kukataa. Tukaenda naye.

Mti ulikuwa umechanua. Maua meupe toka chini mpaka juu, na nyuki wamejazana. Maman alisimama mbali kidogo, uso umekaza. “Ilingojea muntu afe njo itoe maua,” alisema. Kisha upepo ukageuka.

Tuliona uso wake ukibadilika. Alisogea, akashika tawi, akavuta hewa, akavuta tena. Ilikuwa harufu ya mfuko wako.

“Hii parfum naijua,” akasema. Akamgeukia Mzee Hamadi. “Hii muti ilianza maua mwaka gani?”

Mzee Hamadi alizitazama ndala zake. Alikuwa amebeba jambo hilo muda mrefu na lilimchosha.

“Shemeji, mti huu umetoa maua tangu mwaka 2009. Kila Mei. Na kila Mei marehemu alikuja mapema kabla ya kazi, akayachuma yote, moja moja. Mengine aliyazika hapa chini, mengine akayatia mfukoni.”

“Yote?”

“Yote. Hakubakisha hata moja lifunge tunda.”

Maman aliuliza polepole sana, na tulitamani asiulize. “Mama yangu alikufa mwaka gani, Hamadi?”

“Mwaka 2010. Mungu amrehemu.”

“Donc mu 2010 muti ilikuwa na maua.”

“Ulikuwa nayo. Shemeji, ukitaka kukasirika, kasirika, haki yako. Nami nilimgombeza. Nilimwambia, Modeste, huku ni kumficha mtu deni lake. Unajua alinijibu nini? Nitakwambia kwa Kiswahili chake mwenyewe: ‘Nikisema hapana, atanichukia. Nikisema twende, nitamuzika. Afazali achukie muti.’”

Maman aliliachia tawi.

“Na mwaka huu?” akauliza Maman. “Alikufa Mei. Matumba yalikuwa yametoka?”

“Yalikuwa kama vichwa vya njiti za kiberiti. Mara ya mwisho alipokuja nilimtania, nikamwuliza kama anataka nimsaidie kuchuma. Akasema, hapana, mwaka huu tuyaache, Antoinette ni mzima, tunakwenda. Alikuwa anacheka peke yake, shemeji.”

Tungependa kuandika kwamba Maman alilia pale akakusamehe. Hakulia. Alirudi nyumbani akapika, akala, akalala. Majira yote ya joto hakuja kaburini kwako. Tukimwuliza alisema, “Niko nasemezana naye mu roho,” na kwa sauti ile tulijua mnagombana. Alikuwa amenyimwa mazishi ya mama yake, na aliyemnyima alikuwa yule aliyemfanya awe hai wa kuomboleza. Ni vigumu kumkasirikia mtu wa namna hiyo, na ni vigumu kutomkasirikia. Tulimwacha.

Matunda yakafunga. Yakawa ya kijani, yakanenepa, na Novemba yakageuka manjano. Baridi ya kwanza ilipotangazwa tulikimbilia Laeken na kitambaa cheupe, tukijilaumu kwa kuchelewa. Tulikuta mti umeshavikwa. Maman alikuwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, Mzee Hamadi ameishika isiyumbe, na kitenge cha buluu chenye ndege kimeuzunguka mti mara mbili. Alikitoa kabatini mwenyewe.

“Musinitazame,” alituambia. “Shika hapa, Dominic. Hapana kukaza sana, papa yenu alisema ipumue.”

Matunda yalikuwa ndani ya kikapu, chini ya ukuta. Jumapili iliyofuata alimwita Tonton Kabeya, kwa sababu neno lililosemwa mbele yake halingeweza kufungwa bila yeye. Alikata tunda moja mezani. Maji yake yalikuwa mengi, na uchungu wake, Papa, Mungu akusamehe. Dominic alitema. Tonton alifumba jicho moja.

“Antoinette, ni hii njo tulingojea miaka tisa?”

“Kula.”

Alikula. Maman alikula nusu yake yote bila kukunja uso, akafuta mikono, akasubiri. Tonton alimeza, akasimama kama ilivyopasa, akasema, “Banza alisema muti itazala. Imezala. Neno yake imetimia.” Hapo ndipo Maman alipolia, na alilia mpaka jioni, nasi tukalia naye, na kesho yake ndipo alipokuja kaburini kwako kwa mara ya kwanza. Alichokuambia hatukijui.

Yaliyobaki aliyapika na sukari yakawa jemu ya chupa chache, chungu kidogo, tamu zaidi. Madaktari wamemruhusu asafiri, dawa zake zikiwa kwenye mkoba wa mkononi. Mwezi wa Julai anakwenda Likasi na Graciella, akamsalimie mama yake pale alipolazwa. Chupa moja imeshafungwa kwa gazeti ndani ya sanduku. Dominic alimtania kwamba kule machungwa yanaoza chini ya miti, watu watamcheka.

“Bacheke,” alisema. “Sibebe machungwa. Nabeba neno ya papa yenu.”

Tiketi ni ya kwenda na kurudi. Hatukumwuliza sababu, akatuambia mwenyewe: lazima awe hapa kabla ya baridi, kwa maana sisi hatujui kufunga kitenge.

Mwaka huu machipuko yamewahi, na juma hili mti umechanua tena. Jana asubuhi alikwenda Laeken akakaa chini yake na Mzee Hamadi, chupa ya chai katikati. Hakuchuma ua hata moja. Yaliyokuwa yameanguka aliyaokota, akayaleta nyumbani kiganjani, akafungua kabati lako na kuyatia kwenye mfuko wa kifuani wa lile koti la kazi. Kisha akaufunga mlango polepole, akatuuliza kwa nini tunamtazama, chai haijanywewa?

Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili hii asubuhi, parokiani kwetu Jette. Baada yake karibuni nyote nyumbani, kuna mkate na jemu ya Papa. Sukari haitoshi, tunawaonya.

Wanaokukumbuka: mkeo Antoinette, ambaye amesikia kila neno na amelipitisha, wanao Graciella na Dominic, shemeji yako na shahidi wako Kabeya, ndugu wote wa Likasi wanaomngojea dada yao, na Mzee Hamadi wa Molenbeek, anayesema chai si ile tena.

Hutasahaulika kwetu, Papa, maadamu kuna mtu wa kuuvika mti huu kila baridi, na kila Mei maua yake tukayaacha yazae.